Mwandaaji Programu na Muuguzi Wakae Benchi Moja

Siku za mwisho wa mwezi zina sura yake katika zahanati za pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Mbagala na Tandika upande wa Temeke, au Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni. Nje, benchi limejaa kina mama wenye kadi za kliniki mkononi na watoto mgongoni. Ndani, muuguzi mkunga amefungua rejesta tatu mezani na anahesabu mistari kwa kalamu: wajawazito waliohudhuria kwa mara ya kwanza, waliopewa dawa ya kuzuia malaria, waliopimwa wingi wa damu, waliojifungua. Akifika katikati ya hesabu, mgonjwa hubisha mlangoni. Muuguzi huacha, humhudumia, kisha hurudi mezani na kuanza upya. Taarifa ya mwezi haina budi kufika katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa, na mama aliye nje naye hana budi kuonwa. Kati ya kazi hizo mbili hakuna iliyo ya anasa.

Saa hizohizo, Kijitonyama, katika jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, si ajabu kuwakuta vijana wameinamia kompyuta zao mpakato wakijifunza kuandaa programu. Wengi wao wanajua lugha mbili au tatu za kompyuta. Wanao muda, wanayo ari, na wanatafuta tatizo la kweli la kulitatua ili ujuzi wao upate kazi. Muuguzi analo tatizo la kweli na hana wa kumwambia. Umbali kati ya pande hizo mbili ni nauli ya daladala moja au mbili, lakini kwa mazoea umekuwa mkubwa kama wa bara na bara.

Umbali huo ndio unaopaswa kufupishwa. Jumuiya ya waandaaji programu ya Dar es Salaam ina mengi ya kuipa sekta ya afya, ila haitaweza kuyatoa ipasavyo hadi wahudumu wa afya na wagonjwa watakapokuwa wanajumuiya kamili tangu siku ya kwanza. Haitoshi kuwaita siku ya mwisho waje kufundishwa pa kubofya.

Inafaa kwanza kuieleza jumuiya yenyewe, kwa kuwa wengi katika hospitali na vituo vya afya wanaisikia kwa mbali tu. Haina ofisi moja wala mwenyekiti mmoja. Ni mkusanyiko wa vikundi vya wanafunzi wa vyuo, wahitimu wanaotafuta ajira, wafanyakazi wa kampuni za simu na benki, na watu waliojifunza wenyewe kwa kutumia simu na bando. Katika jengo la COSTECH kimo kituo cha ubunifu cha Buni, kilichoanza mwaka 2011, na kiatamizi cha DTBi kinacholea kampuni changa za TEHAMA. Mwaka 2013 Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls, taasisi inayowafundisha wasichana wa shule kuandaa programu na tovuti. Kule Mlimani, katika eneo ambalo sasa ni la Manispaa ya Ubungo lakini zamani lilihesabiwa Kinondoni, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kitalu cha wataalamu wa kompyuta kwa miongo kadhaa.

Shughuli za vikundi hivi si fumbo. Watu hukutana jioni au mwisho wa wiki. Mmoja huonyesha alichokiandika, wengine huusoma msimbo wake, yaani maagizo yanayoandikwa ili kompyuta iyafuate, na kumwonyesha alipokosea. Yupo anayefundisha wanaoanza. Yapo mashindano ya siku mbili au tatu ambapo vikundi hupewa tatizo na kutakiwa kuleta programu inayofanya kazi. Ipo pia kazi ya programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuutumia bila kununua leseni. Katika kazi hiyo kijana wa Yombo Vituka anaweza kusahihisha kosa leo, na kesho sahihisho lake likatumika hospitalini katika nchi ambayo hajawahi kuiona. Huulizwi cheti mlangoni. Kinachoulizwa ni kile ulichokifanya na kama uko tayari kumsaidia aliye nyuma yako.

Fursa hiyo si ya wanahesabu peke yao. Programu nzuri huhitaji mtu wa kueleza kazi inavyofanyika kweli, mtu wa kuijaribu na kusema inapokwama, mtu wa kuandika maelezo kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mtu wa kuwafundisha wenzake. Kazi zote hizo nne muuguzi, mfamasia, mteknolojia wa maabara na mgonjwa wa muda mrefu wanaziweza. Baadhi ya hizo wanaziweza kuliko mwandaaji programu yeyote.

Kwamba pande hizi mbili zikikutana hutoka jambo la maana, ushahidi upo na uko mezani pa muuguzi yuleyule. Rejesta anazozihesabu ni za MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 12 cha wodi ya wazazi. Jumla zinazotoka humo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mizizi ya mfumo huo iko Cape Town, katikati ya miaka ya 1990, wakati Afrika Kusini iliyotoka katika ubaguzi wa rangi ilipohitaji kuunganisha taarifa za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi za watu. Watafiti wa huko walishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, na mfumo ukajengwa kama programu huria. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kuuchukua, kuufanya ulingane na vitabu vya MTUHA na kushirikiana na Wizara kuusambaza Tanzania Bara. Kufikia mwaka 2013 ulikuwa umefika nchi nzima.

Hawakuishia hapo. Waandaaji programu wa HISP Tanzania wametengeneza programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya DHIS2, mojawapo ikiwa ile ya kuonyesha kwa rangi ni wilaya ipi inafikia malengo na ipi imebaki nyuma. Programu hiyo iko wazi kwa nchi nyingine zinazotumia DHIS2, nazo ni zaidi ya 70. Kijana wa Temeke anayedhani kwamba programu za maana hutoka ng'ambo pekee anapaswa kulijua hilo, na muuguzi anayedhani kwamba vitabu vyake huishia kabatini anapaswa kulijua pia.

Hata hivyo, mafanikio hayo yana mpaka, na ni mgonjwa anayekutana nao. DHIS2 kama inavyotumika kwa taarifa za mwezi hupokea jumla. Inajua ni wajawazito wangapi walihudhuria, lakini haimjui mama aliyeketi mwisho wa benchi, aliyepimwa mwezi uliopita akakutwa na upungufu wa damu, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili na hakurudi. Kumpata mama huyo kunategemea kumbukumbu ya muuguzi na kadi ambayo huenda imelowa mvua au imesahaulika Mwananyamala alikohamia dada yake. Mama wa pembezoni huhama. Leo yuko kwa mume Mbagala, kesho kwa mama yake Manzese, na siku ya uchungu gari humpeleka kituo kilicho karibu. Kila kituo humfungulia ukurasa mpya kana kwamba mimba imeanza siku hiyo. Hapo ndipo programu iliyofikiriwa vizuri inaweza kuokoa maisha, na hapo ndipo isiyofikiriwa vizuri huongeza rejesta ya nne juu ya zile tatu.

Mfano wa pili wa kukutana kwa pande mbili uko Tandale. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wakazi wa kata hiyo walizunguka vichochoro wakiwa na vifaa vidogo vya kupokea mawimbi ya setilaiti, wakaandika mahali yalipo mabomba, vyoo, mitaro, maduka ya dawa na majalala, kisha wakayaingiza yote katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004. Kabla ya hapo, Tandale ilikuwa eneo tupu katika ramani hiyo, ilhali ni miongoni mwa kata zenye msongamano mkubwa Kinondoni. Mwaka 2015 kazi hiyo ilipanuliwa kwa jina la Ramani Huria, ikawahusisha wanafunzi na wakazi wa kata nyingine za jiji zinazosumbuliwa na mafuriko.

Mwaka huohuo, mwezi Agosti, kipindupindu kilizuka Kinondoni na baadaye kikasambaa katika mikoa mingi na kuvuka hadi Zanzibar. Mhudumu yeyote aliyefanya kazi katika mlipuko anajua uzito wa swali moja: mgonjwa huyu anaishi wapi, na anachota maji wapi? London mwaka 1854, daktari John Snow alijibu swali hilo kwa kufuatilia waliokufa waliishi wapi na walichota maji wapi, akaibaini pampu moja ya maji, na baadaye akaweka alama za vifo kwenye ramani ya mitaa, pampu hiyo ikiwa katikati ya alama hizo. Ramani iliufanya ushahidi wa Snow uonekane kwa macho. Katika makazi yasiyopimwa, ambako anwani ni "nyuma ya msikiti, karibu na mama muuza chapati", ramani iliyochorwa na wanafunzi na wajumbe wa mashina ni kifaa cha tiba kama ilivyo chupa ya dripu. Waliojua mfereji upi hufurika na kisima kipi hutumika bomba likikauka ni wenyeji. Kompyuta iliyapa maarifa yao umbo ambalo wengine wangeweza kulisoma.

Mfano wa tatu unafundisha kiasi. Mwaka 2009 ulianza mradi wa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Kila wiki vituo 129 vilipokea ujumbe mfupi ukiuliza ni dozi ngapi za dawa mseto ya malaria na kwinini ya sindano zilizobaki stoo. Mhudumu alijibu bila kulipia, na aliyejibu kwa wakati alipata muda wa maongezi. Majibu yalionekana kwa viongozi wa afya wa wilaya, nao wakaweza kuhamisha dawa kutoka palipo na ziada kwenda palipo na uhaba. Wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21, vilikuwa vimebaki 26 katika kila 100.

Hapakuwa na simu janja wala skrini yenye rangi. Palikuwa na swali sahihi, aliyeulizwa ndiye mwenye ufunguo wa stoo, na jibu lilimfikia mwenye uwezo wa kutenda. Mwandaaji programu akilishika funzo hilo mapema ataokoa miezi mingi ya kazi bure. Na hawezi kulishika akiwa Kijitonyama peke yake, kwa sababu anayejua swali sahihi ni mtu aliyewahi kumwambia mzazi wa mtoto mwenye homa kwamba dawa zimekwisha.

Penye mafanikio pana makosa pia, na ni heri yakatajwa. Kosa la kwanza ni wingi wa majaribio yasiyo na mwendelezo. Uganda ilifikia hatua, mwaka 2012, ya Wizara ya Afya kusimamisha miradi mipya ya afya kwa njia ya simu, kwa kuwa ilikuwa mingi mno, haikuongea na mifumo ya Serikali, na mingi ilikoma fedha za mfadhili zilipokwisha. Aliyebaki na mzigo ni mhudumu, aliyekuwa amefundishwa mifumo kadhaa na sasa ana simu zisizowaka ndani ya droo. Kosa la pili ni programu inayozaliwa katika mashindano ya siku mbili, ikapigiwa makofi, ikapata tuzo, na isiwahi kufika zahanati hata moja. Waandaji wake hawakuwa na nia mbaya. Hawakuwa tu wamewahi kukaa kwenye benchi la zahanati saa nne, wakaona umeme ukikatika, mtandao ukififia, foleni ikirefuka, na muuguzi mmoja akifanya kazi za watu watatu.

Yapo mapingamizi dhidi ya wito wa kuziunganisha pande hizi, na yanastahili majibu.

Wapo wanaosema mhudumu wa afya hana muda. Ni kweli, na ndiyo maana asiitwe kukesha katika mashindano. Afuatwe alipo, kwa saa ile iliyo na nafuu, na mganga mfawidhi ajue na akubali. Anapoombwa kutoka nje ya kituo, alipwe nauli na posho kama mtaalamu mwingine yeyote, maana anachokitoa ni utaalamu. Muda anaoupoteza kila mwezi kuhesabu mistari ni mwingi kuliko saa mbili za kumweleza kijana jinsi rejesta ya wajawazito inavyojazwa.

Wapo wanaosema Serikali tayari ina mifumo yake, hivyo vijana wataongeza vurugu. Pingamizi hili lina nguvu kuliko mengine. DHIS2 ipo, na katika hospitali na vituo vingi vya umma upo mfumo wa GoT-HoMIS uliotengenezwa chini ya TAMISEMI. Jibu lake ni kubadili namna vijana wanavyofikiri ushindi. Mwanafunzi anayebuni mfumo wake mpya kabisa wa hospitali hupata sifa katika maonyesho. Anayerekebisha kasoro ndogo katika mfumo unaotumika, au anayeandika kipande kinachounganisha maabara na rejesta iliyopo, humpunguzia mgonjwa foleni. Jumuiya ya waandaaji programu inapaswa kumheshimu huyu wa pili kuliko wa kwanza, na maofisa TEHAMA wa manispaa wanapaswa kuifungulia mlango ili ijue kasoro zenyewe ni zipi.

Pingamizi la mwisho ni la siri za mgonjwa, nalo halina mzaha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Hakuna hoja ya ubunifu inayoweza kuhalalisha kijana kupiga picha kurasa za rejesta au kuhifadhi majina ya wagonjwa katika kompyuta yake. Lakini kujifunza hakuhitaji majina ya kweli. Muuguzi anaweza kujaza kurasa kumi za wagonjwa wa kubuni, wenye makosa yote ya kawaida: tarehe iliyosahauliwa, mama mwenye majina mawili, umri uliokadiriwa. Kwa kurasa hizo programu nzima inaweza kujengwa na kujaribiwa bila siri ya mtu hata mmoja kutoka nje ya kituo.

Tena katika suala la siri, mgonjwa ndiye mwalimu. Tuchukue programu ya kuwakumbusha watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kurudi kliniki. Mwandaaji asiyemjua mgonjwa ataandika ujumbe ulio wazi na wenye adabu, unaotaja dawa na kliniki. Mgonjwa atamwambia katika dakika ya kwanza kwamba simu hiyo hushikwa na mume, na watoto, na wakati mwingine huachwa kwa jirani kwenye chaji. Ujumbe uliokusudiwa kumsaidia ungeweza kumvunjia nyumba. Kosa la namna hiyo halionekani katika msimbo. Linaonekana kwa mtu ambaye maisha yake yamo hatarini, na mtu huyo lazima awe chumbani wakati ujumbe unaandikwa.

Hapo linaingia suala la lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka 2012 kampeni ya Wazazi Nipendeni ilianza kuwatumia wajawazito na wazazi ujumbe mfupi wa bure kwa Kiswahili, ukifuata umri wa mimba na wa mtoto. Njia ilishaonyeshwa. Hata hivyo, programu nyingi za afya huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa kwa haraka mwishoni, zikatoka na maneno ambayo mama wa Tandika hayatumii wala hayaelewi. Kutafsiri kwa kumsikiliza mgonjwa ni kazi ya uandaaji programu sawa na kuandika msimbo. Wanajumuiya walio wauguzi na wakunga wangeifanya vizuri kuliko kamusi yoyote.

Ni nini basi kifanyike? Hatua ya kwanza ni ndogo. Mkutano au shindano lolote la programu linalojiita la afya, Kinondoni au Temeke, lisifunguliwe bila mhudumu wa afya mmoja na mgonjwa mmoja angalau kuwa miongoni mwa wanaochagua tatizo la kufanyiwa kazi. Waamuzi wa mwisho waulize swali moja kabla ya mengine yote: programu hii inampunguzia nani kazi, na inamwongezea nani?

Hatua ya pili ni ya vituo. Zahanati au kituo cha afya, kwa idhini ya Mganga Mkuu wa Manispaa, kinaweza kupanga mchana mmoja kila mwezi kuwapokea waandaaji programu wawili au watatu. Wasije na kompyuta siku ya kwanza. Waje na daftari, waketi kwenye benchi, waangalie jinsi mtu anavyosafiri kutoka mapokezi hadi dirisha la dawa, mahali popote asipotajwa mgonjwa kwa jina wala kuingiliwa faragha ya chumba cha daktari. Kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo wananchi wamo, iwe na sauti ya kukubali au kukataa.

Hatua ya tatu ni ya kijiografia. Buni na DTBi ziko Kijitonyama. Kwa binti wa Mbagala Rangi Tatu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa Buza, kufika huko jioni ni kuvuka jiji zima na kurudi usiku. Temeke haikosi mahali. Chang'ombe kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kipo pia chuo cha VETA, na Barabara ya Kilwa ina viwanja vya Sabasaba. Vikundi vinavyokutana Kinondoni vikihamia Temeke mara moja katika kila mikutano mitatu, sura za wanaohudhuria zitabadilika, na matatizo yanayozungumzwa yatabadilika nazo.

Hatua ya nne ni ya vyuo vya afya. Mwanafunzi wa udaktari, uuguzi au famasia ahesabiwe kuwa amefanya kazi ya kitaaluma anapotumia muhula mmoja pamoja na mwanafunzi wa kompyuta kuchunguza tatizo moja la kituo na kulitafutia jawabu. Asilazimishwe kuwa fundi wa msimbo. Inatosha ajue programu hutengenezwaje, ili kesho akiwa mganga mfawidhi asikubali kila kinacholetwa na muuzaji mwenye maneno mazuri, wala asikatae kila kipya kwa hofu.

Karibu na Eldoret, nchini Kenya, ipo kumbukumbu ya yote haya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kijijini, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa uliotengenezwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutokana na uzoefu wa huko ulizaliwa OpenMRS, mfumo huria ambao leo unatumika katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika. Ulianzia kwenye foleni ya kijijini, kwa watu waliokubali kuangalia kazi ya wenzao kabla ya kuandika mstari mmoja.

Dar es Salaam inavyo vitu vyote vilivyohitajika Mosoriot, na inavyo kwa wingi zaidi. Ina vyuo, ina vijana, ina vituo vilivyofurika wagonjwa, ina lugha moja ambayo daktari, muuguzi, mwandaaji programu na mama mjamzito wote huizungumza bila mkalimani. Hazina hiyo ya lugha miji mingi duniani inaikosa. Kilichobaki ni mwaliko, na mwaliko hauhitaji bajeti kubwa. Mwisho wa mwezi ujao muuguzi atafungua tena rejesta zake tatu. Akiwepo kijana mmoja pembeni, kimya, akiandika ni mara ngapi hesabu ile ilikatizwa na kuanzwa upya, kazi ya programu itakuwa imeanza, na mama aliye mwisho wa benchi atakuwa na sababu ya kutumaini kwamba safari ijayo atakumbukwa.